Asiambiwe Mpaka Afike

Raya, mwanangu,

Umetoka hapa saa tisa na kaka yako kwenda Aija, kule pwani, kumuaga shangazi yako. Mpaka mle, mnywe kahawa, mlizane, halafu mrudi saa mbili nzima za njia, muda ninao. Nimekaa meza ya jikoni na daftari lako la zamani la chuo, nimechana kurasa za nyuma ambazo hukuziandika. Juu ya masweta na bizari na dawa za kikohozi sina la kukwambia; baba yako amekwisha kukupa orodha, na mie nimekwisha kuikosoa. Nakuandikia kwa sababu lipo jambo limenishinda kwa mdomo. Jana nilikuja chumbani kwako kulisema, nikakukuta unakunja nguo, nikaishia kukugombeza kwa ajili ya soksi.

Basi nalitaja hapa juu kabisa, nisije nikalizungukazunguka mpaka karatasi zikaisha. Mimi ni mgonjwa. Nina saratani ya titi, upande wa kushoto. Baba yako anajua, kaka yako anajua, na shangazi yako ambaye saa hizi anakumiminia kahawa naye anajua. Sote tulikubaliana usiambiwe mpaka ufike Ayalandi, uanze kazi, utulie. Na aliyetoa shauri hilo, mwanangu, ni mie mwenyewe.

Najua utakasirika. Daktari mzima, unakula na mimi sinia moja, na nyumba nzima tunakuzunguka. Unakumbuka ile Alkhamisi tuliyokwambia tunakwenda Nizwa kununua mbuzi? Tulikwenda hospitali. Hapa Ibra singeweza, kila nesi anakujua, na nusu yao wamekula kwangu. Tulilala Nizwa, na asubuhi ya Ijumaa baba yako akaenda soko la mbuzi akanunua kweli, kwa sababu nilimwambia tukirudi mikono mitupu utauliza. Tulirudi na yule mbuzi analia nyuma ya gari, na baba yako naye machozi yanamtoka, nami nikimwambia ajifute kabla hatujafika lango la nyumba. Pilau yake ulikula sahani mbili ukaisifu.

Sikukuficha kwa kukudharau. Nilikuficha kwa sababu nakujua. Mwaka juzi ulipopata ile nafasi ya kwanza ya kazi ng'ambo, baba yako akapasuliwa moyo, na wewe hukuuliza mtu, uliandika barua ya kuikataa siku ile ile. Ukakaa hapa miaka miwili ukisubiri nyingine. Nilikuwa nakuona asubuhi unafungua simu, unasoma, unaifunga, unakunywa chai. Sasa imekuja hii, na wewe mwenyewe umenambia ukiiacha hakuna ya tatu. Nilijua nikisema tu neno, sanduku litafunguliwa na nguo zitarudi kabatini. Na hilo nimeliogopa kuliko kisu cha daktari.

Lakini nani angekwambia huko? Hapo ndipo nilipofanya jambo la kukosa haya. Nilimwandikia Nora.

Nora unamjua kwa picha na kwa salamu zake za Idi, na unajua kwamba ndiye atakayekupokea uwanja wa ndege. Nilimwomba akupokee, akupe chumba mpaka upate chako, asikwambie kitu. Halafu miezi miwili ikipita, akukalishe akwambie kwa upole, kwa kuwa atakuwa karibu yako. Alikaa siku mbili hakujibu. Kisha akaniandikia: "Nitampokea, nitampikia, nitamfunika blangeti. Hilo jingine sitalifanya, na wewe unajua kwa nini."

Najua, ndiyo. Basi nikasema nitakuandikia mwenyewe, barua niisokomeze chini ya nguo, uikute ukifungua sanduku huko. Ndiyo hii. Na huwezi kuielewa bila ya mimi kukwambia nilimfanyia nini Nora, kwa sababu hadithi uliyolelewa nayo, kwamba baba yake alifariki akenda kumzika akarudi, imekatwa katikati.

Alikuja Ibra kutoka kwao Ayalandi ana miaka ishirini na nne, mdogo kuliko wewe leo. Mwalimu wa Kiingereza, skuli ile ile niliyokuwa nikifanya kazi ofisini, akakodi kile chumba chetu cha juu. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, ulikuwa ukimwita Nora wa Juu. Maskini alishuka na mwezi wa nane, joto la hapa limepamba moto. Wiki ya kwanza alitoka kwa miguu saa saba ya mchana kwenda kununua mkate, hakuna aliyemwambia kwamba saa hizo maduka yote yamefungwa na watu wamelala. Baba yako alimkuta amekaa kwenye kizingiti cha duka, uso mwekundu, hawezi kuinuka. Mie nilimcheka. Nilimpa maji ya ndimu, lakini nilimcheka kwanza.

Kila Ijumaa alikuwa akishuka sebuleni kupiga simu kwao, kwa kadi zile za kukwangua. Mie nikijitia kushughulika na kazi zangu, masikio yote kwake. Akiwaambia chakula kizuri, watu wema, joto limepungua, nalala vizuri. Akishaweka simu anabaki pale pale anautazama ukuta. Na usiku uliopita nilikuwa nimemsikia akilia, chumba kile unajua sauti yake inavyoshuka. Siku moja nikamuuliza kwa nini hamwambii mama yake. Akanambia mama yake yuko mbali, atafanya nini ila kukosa usingizi. Akasema kwao ndivyo walivyo, mtu hata akivunjika mguu ukimuuliza hali atakwambia yuko sawa. Wallahi nilimpenda siku ile. Nikamwambia baba yako, mtoto huyu amelelewa vizuri, ana akili kama zetu.

Maana mie nilikulia humo humo. Mwaka tuliohamia hapa kutoka Unguja, bibi yako alikuwa na mimba kubwa ya mjomba wako. Ikaja barua kwamba mama yake amefariki kule. Babu yako akaitia barua mfukoni, akatuapisha sote, mpaka mie mtoto wa miaka tisa. Bibi yako akajifungua, akamaliza arubaini yake, ndipo wakaja wanawake wanne wakamzunguka wakamwambia. Alilia, kisha akasema mlinihurumia, Mungu akulipeni. Mie nikaona hivyo ndivyo watu wanavyopendana. Lakini nakwambia na jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule: miaka mingi baadaye nilimsikia akimuuliza babu yako ilikuwa siku gani hasa, na yeye siku hiyo alikuwa akifanya nini. Babu yako hakukumbuka. Aliuliza zaidi ya mara moja, yule mama, na kila mara tukimwambia ya nini sasa kuyafukua hayo.

Basi. Ilikuwa Jumatano, nimetoka soko la wanawake na vitu vyangu, Nora amelala juu. Simu ikalia, kaka yake. Akasema baba yao ameanguka, yuko hospitali, hali si nzuri, anamtaka Nora. Mwambie apige sasa hivi, na kama ipo ndege leo apande. Nikamwambia nitamwambia.

Nikapanda ngazi mpaka katikati, Raya, nikasimama.

Nikafikiri: huyu mtoto wa watu, peke yake, hana mama wala shangazi hapa wa kumshika. Habari kama hii haipelekwi na mtu mmoja mikono mitupu. Acha aamke kwanza. Alipoamka akashuka anacheka, kesho yake mwisho wa wiki, maana wakati ule ulianza Alkhamisi, wamepanga na walimu wenzake kwenda Tiwi pwani. Miezi mitano sijamwona anacheka vile. Nikasema acha alale na furaha yake, nitamwambia asubuhi. Asubuhi nikasema nikimwambia sasa ataendesha gari njia ile mbovu na machozi machoni, atajiua. Kila saa iliyopita nilikuwa na sababu yake, na kila sababu ukiisikiliza ilikuwa ya huruma. Nikamfungia vitumbua, nikampungia mkono.

Huko Tiwi wakati ule simu ya mkononi haishiki, na kwao walikuwa na namba ya nyumba yetu tu. Alkhamisi simu ililia mara tatu. Nilikaa kwenye kiti hiki ninachokalia sasa, nikaisikiliza mpaka ikanyamaza. Mara ya tatu baba yako alitaka kuipokea, nikamwambia wachana nayo, watu wa kuuza vitu hao.

Ijumaa baada ya sala nikaipokea. Amefariki jana usiku, kaka yake akasema. Hakuniuliza kama nilimwambia dada yake. Nadhani alishajua. Nami badala ya kusema nisamehe, nikampangia na yeye: usimwambie kwa simu, mwache apande ndege akijua baba mgonjwa tu, mpokee wewe, umwambie ukiwa naye. Yule kijana alikuwa amechoka, akakubali.

Nora akarudi jioni, pua imebabuka jua, amekuletea makombe ya pwani mfuko mzima. Nikamwambia, "Baba yako mgonjwa kidogo, kaka yako anasema bora uende ukamwone." Akakimbilia simu. Nikamwambia imeharibika tangu jana. Waya nilikuwa nimeuchomoa mwenyewe, umelala nyuma ya kochi.

Na si hayo tu. Aliniangalia usoni, nikaogopa ataniona. Nikaingia jikoni nikatoa bakuli la halwa lililokuja kutoka arusi, bado limefungwa, nikampa mikononi. Nikamwambia, "Mpelekee baba yako, mwambie imetoka kwetu." Akatulia. Nikaona anatulia, anasema moyoni kama huyu ananipa halwa basi mgonjwa ana mdomo wa kula. Ndivyo nilivyotaka afikiri. Baba yako akampeleka Maskati usiku ule, na njia nzima, aliniambia, Nora alikuwa amelipakata lile bakuli akimhadithia jinsi baba yake anavyopenda vitu vitamu. Baba yako anajua yote, anaendesha tu. Mpaka leo hajapata kunisamehe kwa safari ile, na hasemi, lakini mie namjua.

Nora alirudi baada ya wiki tatu kumaliza mwaka wa skuli. Nilikuwa nimejitayarisha kwa makelele. Angenitukana ningeshukuru. Alishuka hapa jikoni asubuhi moja, akakaa, hakugusa chai. Akanambia:

"Rahma, baba alikuwa na sauti mpaka Alkhamisi jioni. Alikuwa akiuliza kama nimepiga."

Nikasema nilikuhurumia, Nora.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sijui nikukasirikie vipi. Lakini siku zile zilikuwa zangu."

Ningempa ile simu Jumatano, angeruka usiku ule, angefika Alkhamisi mchana. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi mno, na kila nikiipiga inatoka vile vile. Alikaa juu yetu miezi minne mingine, kodi kwa wakati, salamu kwa adabu, wewe anakubeba kama kawaida. Jikoni hakushuka tena. Miaka mingi ilipita kabla hajaanza kuniletea salamu za Idi, na alianza kwa kuuliza habari zako wewe. Mie sijapata kumwomba radhi kwa maneno. Nilimtumia zawadi, nilimtumia picha zako ukiwa na joho la udaktari, yote ili nisiandike neno moja. Halafu mwezi uliopita nikamwandikia akufanyie wewe kile kile nilichomfanyia yeye. Sikuona hata kwamba ni kile kile. Wallahi sikuona mpaka alipokataa.

Na sasa nimeandika mpaka hapa, nasoma nilichoandika, naona bado nafanya. Barua ya kukutwa ndani ya sanduku. Ungefika umechoka, mvua inanyesha, ungekuwa unatafuta nguo ya kulalia, ukaikuta. Nami huku ningekuwa nimeshakwambia, si ndiyo? Ningejisifu kwamba nimekwambia. Ni ile ile, Raya. Nimechomoa waya tena, safari hii kwa mwandiko mzuri.

Tuna methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Naijua tangu utotoni, nimewaambia watu wengi, haikunisaidia hata siku moja.

Basi sikiliza. Operesheni ni Jumatatu ijayo, Maskati, saa mbili za asubuhi. Wewe ndege yako kesho usiku. Daktari amesema anadhani tumewahi, na amesema hatajua hasa mpaka afungue. Karatasi zote zimo kwenye mkoba mweusi juu ya kabati langu, picha na majibu na kila kitu. Zichukue uzisome, mie nusu yake sielewi, na baba yako kila akianza kuzisoma anatoka nje kuvuta hewa. Niambie zinasema nini. Kama ni mbaya kuliko nilivyoambiwa, niambie vile vile.

Naogopa, mwanangu. Sikupata kulisema hilo mbele yako kwa sababu nimekulea ukidhani mie siogopi kitu, na kelele zangu zimekusaidia kuamini. Naogopa kulala pale nisiamke. Naogopa kufa wewe ukiwa unamtibu mama wa mtu mwingine. Naogopa vilevile ubaki, na kila ukinitazama nione ile nafasi ya pili uliyoiacha, na siku moja, nikiwa nimepona au nimekufa, uanze kuhesabu umri wako. Naogopa uende, uwe unanipigia kila Ijumaa, uniambie chakula kizuri, watu wema, nami nisikie sauti yako nijue umelia usiku mzima, na nisiweze kukulaumu kwa sababu umejifunza kwangu. Usinifanyie hivyo. Ukilia, nambie nalia. Nitakosa usingizi, ndiyo, na usingizi huo ni wangu kuukosa.

Ukienda, nitakwambia kila kitu siku hiyo hiyo, kizuri na kibaya, na kaka yako nimemwapisha vingine safari hii: nikiwa sijiwezi, akupigie yeye, asisubiri mtu, asitafute maneno. Ukibaki, nitagombana na wewe, na pengine nitakushukuru usiku ukiwa umelala. Sitakuchagulia. Wala usiniulize nataka nini, kwa sababu nitakwambia nenda, na sauti yangu itakuwa nzuri sana, na wewe hutajua kama ni kweli.

Barua haiendi sandukuni. Nitakupa mkononi ukiingia, kabla hujavua viatu. Baba yako atanigombeza kwa kuvunja ahadi, nami nitamwambia ahadi hiyo ilikuwa ya uovu tangu mwanzo. Utaisoma hapa jikoni. Nilitaka kwenda kusali ukisoma, nisiwepo, nirudi ukishamaliza, na nimejua mara moja hilo linatoka wapi. Kwa hiyo nitakaa kiti cha mbele yako, sitasema kitu, na ukiinua uso utanikuta nakutazama.

Mama yako,
Rahma